Ukingo Uliozidi Kupanuka

Draiva, yaani kisahani cha kurusha mbali, niliyoijaribu majuzi ina ukingo wa sentimita 2.4. Niliupima kwa rula mezani kabla ya kutoka nayo nje, kwa sababu katika gofu ya visahani ukingo hueleza mengi. Ukiwa mpana na mkali, kisahani hupasua hewa kwa kasi zaidi, lakini nacho hudai mkono wenye mbio za kukitosha. Kanuni za chama cha mchezo huu, PDGA, zinaishia sentimita 2.6. Watengenezaji wamebakiwa na nafasi ndogo sana ya kuongeza.

Mchezo haukuanza hivi. Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyouza Frisbee, alisanifu uwanja wa kwanza rasmi mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California. Mwaka 1977 alipata hataza ya kikapu chenye minyororo, kile ambacho hadi leo ndicho shabaha ya kila mchezaji. Vilivyorushwa enzi hizo vilikuwa na ukingo wa mviringo, vikielea vizuri lakini haviendi mbali. Mwaka 1983 Dave Dunipace akatoa Eagle, kisahani cha kwanza chenye ukingo uliochongwa kwa mshazari, na kampuni ya Innova ikazaliwa mwaka huohuo. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote yaliyofuata. Kila draiva inayouzwa leo ina asili yake pale.

Mimi niliukuta mchezo Minnesota, nilipohamia kutoka Kenya. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa tayari mwenyeji, na Jumamosi moja alinipeleka Kaposia, uwanja wa bure ulio msituni huko South St. Paul, penye mabonde na miti mikubwa. Alinipa draiva iitwayo Valkyrie, ya plastiki laini ya bei nafuu. Valkyrie ilikuwa na sifa zake: mwaka 2002 Msweden Christian Sandström aliirusha mita 250, rekodi ya dunia wakati huo. Leo rekodi ni mita 338, ya David Wiggins Jr., ya mwaka 2016.

Basi kwa kuwa tulikuwa tunasikia habari za mita tu, tulijaribu visahani kwa mita tu. Mmoja alirusha, mwingine alisimama mbali akihesabu hatua. Kilichokwenda mbele zaidi ndicho kilichosifiwa, hata kama kilitua kwenye vichaka vya jirani. Majira ya baridi tulibandika utepe kwenye kisahani ili tukione kikizama kwenye theluji, na bado tulihesabu hatua, ingawa plastiki ilikuwa ngumu na hewa ya baridi nzito.

Iliyotubadilisha ni Valkyrie ileile. Plastiki ya aina yake huchakaa haraka, na miti ya Kaposia haina huruma. Ukingo ulijaa mikwaruzo na vibonyeo, na kisahani kikaanza kuruka kwa namna nyingine kabisa. Anayerusha kwa mkono wa kulia kwa mgongo wa mkono hukizungusha kisahani kama mishale ya saa, ukikitazama kutoka juu. Kikiwa na mbio nyingi, hewa hukielekeza kuinama upande wa kulia. Mbio zikipungua, hukirudisha kushoto na kukilaza chini. Draiva mpya hupambana na ule mwinamo wa kulia. Iliyochakaa hukubali. Valkyrie yangu ilikuwa sasa inakwenda kulia taratibu na kukaa hukohuko, na nikagundua kuwa kuna njia za Kaposia, zile zinazopinda kulia kati ya miti, ambazo hakuna kisahani kipya kingeweza kuzifuata vizuri kama hicho kikuukuu.

"Shem, mita tuache kwanza," shemeji aliniambia siku moja. "Umeona imelala wapi?"

Tangu hapo namba nne zinazochapwa juu ya kisahani nimezisoma kwa makini. Ya kwanza ni kasi, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu ni kiasi cha kuinama kulia mwanzoni, ya nne ni kiasi cha kurudi kushoto mwishoni. Valkyrie huandikwa 9, 4, -2, 2. Hii mpya ni 13, 5, -1, 3.

Niliijaribu kwenye uwanja wa wazi, kwanza jioni tulivu, kisha siku ya upepo. Sikuirusha peke yake. Niliirusha ikipokezana na Valkyrie mpya ya uzito uleule, gramu 175, kutoka sehemu ileile na kwa urefu uleule wa kutoka mkononi. Shemeji alisimama kule inakotua. Hewa ikiwa tulivu, draiva mpya ilikuwa mbele kidogo tu, na ilirudi kushoto mapema, kwa sababu mkono wangu hauipi mbio inazozitaka. Nikilegea hata kidogo, ilianguka kushoto, nyuma ya Valkyrie. Ukingo wake pia unajaza kiganja, na mwenye vidole vifupi atapata taabu kuukamata sawasawa.

Upepo ulipovuma kutoka mbele, mambo yalibadilika. Upepo wa mbele huongeza mwendo wa hewa juu ya kisahani, na Valkyrie iliinama kulia ikakimbia kando. Ile mpya ilinyooka. Iliinama kidogo, ikajirudi, ikatua karibu na miguu ya shemeji, kisha ikafanya hivyo tena na tena. Sijawahi kuwa na draiva inayoupokea upepo kwa utulivu namna hiyo.

Nimeandika jina na namba ya simu upande wa ndani, kama wachezaji wa hapa wanavyofanya ili kilichopotea kiweze kurudi, na nimeitia mfukoni. Siku ya upepo wa mbele, penye uwazi, nitaanza na hii. Kati ya miti ya Kaposia nitaendelea na Valkyrie.