Mpunga na Baridi ya Juni

Mchele wa uwanda wa Imbo unashushwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, tangu alfajiri, na bei inapatanwa kwa Kiswahili. Muuzaji mmoja ananimwagia punje kiganjani. "Huu wa Gihanga, mwanangu. Ule pale wa milimani." Anazijua kwa kuzitazama tu.

Kaskazini mwa Bujumbura, huko Imbo kwenye bonde la Rusizi, majaruba yamepakana hadi macho yachoke, na maji ya mto Mpanda yanapita mifereji. Huku ni mita 800 hivi juu ya bahari, na hata Juni usiku una joto. Mbegu humwagwa kitaluni Desemba au Januari, mavuno yakaja Mei na Juni.

Barabara ya Bugarama ni habari nyingine. Inapanda hadi mita zaidi ya 2,000 mara moja, na ndani ya gari abiria wanavaa masweta. Ngano na viazi hustawi huku juu. Mpunga haupendi baridi. Hata hivyo unalimwa mabondeni Kayanza na Ngozi, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni finyu.

Mpunga ukiwa na mimba, usiku ukapoa chini ya nyuzi 17 hivi, chavua huharibika. Shuke hutoka, lakini husimama wima: halina uzito wa kuliinamisha. Ni mapepe matupu. Baridi hiyo huleta pia bakteria wa kuozesha ala ya jani, aliyeelezwa kwanza Hokkaido, Japani, kisha akatambuliwa Burundi miaka ya 1980. Ndiyo maana watafiti wa ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, walitafuta mbegu zinazostahimili baridi, kama Yunnan 3 ya milima ya China.

Mbegu hiyo nayo ina mwezi unaoishinda. Bondeni Kayanza kijana aliyekulia Tanzania ananionyesha majaruba mawili ya mbegu moja. La juu limeinama kwa uzito. La chini limesimama. "Mwenye hili la chini si mvivu, kaka. Maji humfikia mwisho, kwa hiyo hupanda mwisho." Mpunga wake ulibeba mimba Juni, baridi ikiwa imeshafika.

Inaniuma kuona mkulima huyo akipewa mbegu ileile ya jirani yake. Yeye anahitaji inayokomaa mapema, au zamu ya maji ibadilishwe kabla ya Januari.