Spika za Wageni

Katika nyumba nyingi za mtaa wetu wa Jamhuri, hasa zile za watu walioajiriwa serikalini wakiwa vijana, utazikuta spika mbili kubwa za mbao kwenye pembe za sebule. Juu ya kila moja pana kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa picha ya harusi au maua ya plastiki. Wharfedale, Celestion, KEF, Pioneer. Ukiuliza kama zinafanya kazi, utajibiwa kwamba zilikuwa nzuri sana.

Umri umeniruhusu kulisema hili kuhusu rika langu: tulikuwa watu wa kuhifadhi. Sahani nzuri zilifungiwa kabatini, sofa zilivalishwa, na sebule yenyewe ilikuwa ya wengine. Mgeni njoo mwenyeji apone, na watoto wetu waliijua methali hiyo kwa masikio, maana sauti kamili ya zile spika waliisikia siku za wageni tu. Siku nyingine nyumba iliongozwa na redio ndogo ya betri jikoni: Sauti ya Kenya, salamu, matangazo ya vifo. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, Leonard Mambo Mbotela alipolazimishwa na wanajeshi kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, jirani yangu mmoja alikimbia kuwasha zile kubwa kwanza ndipo aamini.

Sponji, hata hivyo, haijui heshima. Spika nyingi za miaka ya 70 na 80 zina mkanda wa sponji unaoshikilia ukingo wa koni ya karatasi kwenye fremu ya chuma. Sponji hiyo ni poliurethani, na adui zake ni unyevu wa hewani na mwanga. Huishi miaka 15 hadi 25 hivi, kisha huanza kunata, halafu hupukutika ukiigusa. Haijali ilipigwa mara ngapi. Spika ya mlevi aliyekesha na Franco na ile ya mzee wa kanisa aliyeiwasha Krismasi tu zimekufa pamoja, na yule mlevi angalau alisikiliza.

Zile zenye mkanda wa kitambaa kilichopakwa dawa zimevumilia zaidi. Hizo hazihitaji mkanda mpya. Unazipaka upya kwa brashi tabaka jembamba la dawa ya mpira, kitambaa kisipitishe hewa, basi. Kazi ya sponji ndiyo ndefu. Naifanyia verandani, pamoja na mjukuu wangu. Tunakwangua mabaki na gundi kuukuu kwa wembe na spiriti, pole pole, maana koni ni karatasi na ikichanika umejitafutia kazi nyingine. Tunakata kile kikofia cha katikati na kuchomeka vipande vyembamba kuzunguka koili ili isimame sawasawa katikati ya sumaku. Filamu kuukuu za eksirei zinafaa sana, na nyumba ya wazee haizikosi. Tunabandika mkanda mpya na kuuacha ulale. Asubuhi tunatoa vipande na kuisukuma koni kwa vidole. Ikikwaruza, tunabandua. Mara nyingi ni kijana anayeniambia, "Guka, inagusa," nami sijasikia kitu.

Makasha mengine hayana tundu hata moja, na hayo yana ukorofi wake. Mmarekani Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954 kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya kasha dogo inaweza kufanya kazi ya springi ya koni na kutoa besi nzito. Hewa ikivuja penye skrubu au waya, besi inakwenda nayo. Sukuma koni ndani, iachie: ikijirudia polepole, kasha limeziba, ikirudi kwa kasi, tafuta panapovuja uzibe kwa udongo laini usiokauka. Kapasita za ndani nazo hukauka kwa umri. Nyingine tunazipata Luthuli Avenue, ila lazima zisiwe na upande chanya wala hasi, na muuzaji mwenye haraka atakupa zozote.

Kijana aliniuliza kwa nini hatukuzikarabati mapema. Ni swali la mtu aliyekua akiletewa mkanda wa sponji kwa posta kutoka ng'ambo. Sisi tulizinunua kwa kukatwa mshahara mwezi baada ya mwezi, au kwa Mzungu aliyekuwa akiuza vitu vya nyumba arudi kwao. Hadi mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 90, kuagiza bidhaa kulihitaji leseni, na fedha za kigeni zilisimamiwa na Benki Kuu. Koili ikiungua, imeungua. Kijijini nako karo za wadogo zetu zilisubiri mshahara huo huo. Sikatai kwamba palikuwa na maringo, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko maringo. Kosa letu ni kwamba hofu ile tuliiendeleza hata sababu zake zilipokwisha. Tukastaafu, watoto wakaondoka, na bado tunafungia sahani.

Siku hizi spika hizi hubadilisha mikono baada ya mazishi, nyumba inapogawanywa. Anayezinunua ni kijana, na huzipiga kila jioni. Santuri anazitafuta Kenyatta Market, katikati ya nyama choma na wasusi: zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizopigwa chapa hapa hapa Nairobi, wimbo mmoja mrefu ukigawanywa pande mbili, ukatwe gitaa linapoanza kunoga. Wangu anapenda Les Wanyika. Hupandisha sauti kuliko nilivyowahi kuthubutu, na mkanda mpya unastahimili.

Sasa anataka kuzihamishia kwenye chumba alichopanga Rongai, na ameshaulizia bei ya pikapu. Nimemwambia azichukue. Mke wangu anauliza wageni wakija watasikiliza nini. Sijui anasema wageni gani. Wengi wa rika letu hawatoki nyumbani ikishapita saa kumi na mbili jioni.