Vumbi la Ikoma na kabureta

Ikoma iko wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Wajerumani walijenga boma huko kabla ya vita ya 1914. Kiangazi, majani hukauka na njia ya kutoka Mugumu hujaa vumbi.

Vumbi hilo ni adui wa Land Rover ya zamani ya petroli. Gari hilo lina kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Ndani yake mna boya na sindano. Petroli ikipanda, boya hupanda, na sindano huziba njia. Uchafu ukikwama kwenye sindano, au boya likitoboka, petroli humwagika. Injini hula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Chujio la hewa likiziba kwa vumbi, moshi mweusi hutoka pia.

Ndugu dereva, ufanye nini? Zima injini, iache ipoe. Usivute sigara. Safisha sindano na chujio. Tikisa boya. Ukisikia petroli ndani, limetoboka, weka jipya. Petroli ya dumu ichuje kabla ya kuitia.

Usiendelee na safari petroli ikivuja. Cheche moja yaweza kuunguza gari, malisho na nyumba za watu.