Mchagua Wimbo

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Haya, hawakuwahi kukaa siku nzima kwenye benchi la mbao katika Tamasha la Muziki la Kenya! Mimi nimekaa, daftari mkononi, nikiandika habari ambayo mhariri ataikata ibaki aya tatu: nani wa kwanza, nani wa pili, nani alilia. Yaliyobaki nayamwaga hapa.

Nionavyo mimi, kwaya nyingi hazishindwi jukwaani. Hushindwa miezi kadhaa kabla, siku mwalimu anapochagua wimbo.

Tamasha hili lilianza mwaka wa 1927 na mpaka leo linasimama kwa miguu miwili: nyimbo za Kizungu na nyimbo zetu za kiasili. Katika vitengo vingine wimbo ni wa lazima, shule zote huimba ule ule. Kwingine shule hujichagulia, na tamaa huingilia mlango huo.

Chukua "Hallelujah" ya Handel. Ni sehemu ya Messiah, aliyoitunga 1741 na ikaimbwa mara ya kwanza mjini Dublin 1742. Kila mtu anaijua, na huo ndio mtego wenyewe, maana mwamuzi naye anaijua mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Kuna sehemu soprano hushikilia noti ndefu, wakapanda ngazi, wakashikilia tena, wakapanda tena. Shule yenye soprano wachache hufika ngazi ya pili ikaanza kupiga mayowe. Na teno je? Mvulana wa kidato cha pili sauti ndiyo inavunjika. Ukimpanga teno mwezi wa pili, mwezi wa sita ni besi.

Nyimbo za kiasili nazo si mteremko. Nimeona wimbo wa harusi ukiimbwa kwa nyuso za matanga, kwa sababu mwalimu aliunakili kutoka kwa mshindi wa mwaka uliopita na hakuna aliyemuuliza mwenye lugha: huu huimbwa lini, na nani, akifanya nini?

Sasa kuna binamu yangu. Anafundisha shule ya kutwa, ana wanakwaya thelathini na wawili, piano hana, do-re-mi anaziandika ubaoni kwa chaki. Mwalimu mkuu anataka wimbo "mkubwa" ili shule ionekane imesoma. Binamu anataka bembelezi ambalo nyanya ya mwanafunzi mmoja alikuja kuwafundisha, akasahihisha matamshi yao neno kwa neno. Wakitolewa raundi ya kwanza, huenda mwakani pesa za kwaya zikaenda kwa kandanda. Kwa wale watoto, basi la mashindano ndilo safari pekee ya mwaka.

Nilimwambia: shika bembelezi. Mwaka wa 1963 wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, walipewa kazi ya kutuandalia Wimbo wa Taifa. Wangeweza kutunga kitu cha tarumbeta na vishindo. Wakachukua bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana! Wimbo wa kumlaza mtoto ndio tunaousimamia wima hadi leo. Nani basi atasema bembelezi ni wimbo mdogo?

Lakini pia nilimwonya. Wimbo mwepesi haufichi kitu. Katika kelele nyingi, teno aliyepotea hasikiki. Katika bembelezi, mtu mmoja akishuka nusu sauti, ukumbi mzima unajua. Kwa hiyo mazoezi ni yale yale, na pengine zaidi.

Uamuzi ni Ijumaa, ofisini kwa mwalimu mkuu. Binamu ameamua kwenda na wale watoto thelathini na wawili, wasimame mlangoni waimbe, kisha mzee aseme mwenyewe kama shule yake haijasoma.