Aliyesimama Chini ya Ndege



Picha za ndege ndogo inayomwaga dawa juu ya shamba kubwa hupendeza macho, na sote humsifu rubani kwa ushujaa wake. Lakini mimi, kwa mazoea ya ualimu, hupenda kuuliza swali la pili: je, ni nani aliyesimama chini?

Kazi hiyo ilianza mwaka 1921 huko Ohio, Marekani, ambako rubani wa jeshi John Macready alimwaga unga wenye arseniki juu ya miti iliyoliwa na viwavi. Baadaye, kwa miaka mingi, hadi mitambo ya kuongozwa na setilaiti ilipoenea katika miaka ya 1990, marubani walitegemea mtu wa kuwaonyesha mstari. Alisimama mwisho wa shamba, bendera mkononi. Ndege ilimjia kwa mwendo wa kama kilomita 200 kwa saa, mita chache tu juu ya mimea. Alipaswa kuhesabu hatua zake na kuhamia mstari uliofuata, upande upepo unakotoka, kabla ndege haijampitia. Aliyechelewa alinyeshewa dawa. Aliyechelewa zaidi aliweza kugongwa.

Mwenzake ni mpakiaji. Huyu hushika dawa ikiwa bado kali, kabla ya kuchanganywa na maji. Pengine ndege hujazwa huku injini ikinguruma ili muda usipotee, na panga lake likizunguka kwa kasi karibu halionekani tena kwa macho.

Huko Argentina, Fabián Tomasi alifanya kazi hiyo katika mkoa wa Entre Ríos. Alifungua vyombo vya dawa, akaimimina katika pipa, akaichanganya na maji, kisha akaipeleka kwenye ndege kwa mpira, bila mavazi ya kumkinga. Madaktari walitambua kwamba mishipa yake ya fahamu imeharibiwa na sumu. Mwili wake ulikonda hata akabaki ngozi na mifupa. Hakunyamaza: alikubali kupigwa picha jinsi alivyo, ili watu waone. Alifariki mwezi wa Septemba 2018.

Jambo linalonisumbua ni hili: mara nyingi anayelipwa kidogo kuliko wote ndiye anayekaribia sumu kuliko wote. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya mfanyakazi ni kuambiwa kweli juu ya kitu anachokishika.

Mtasema: kwetu hakuna ndege hizo. Lakini mwezi wa Februari 2020 nzige wa jangwani walifika kando ya Ziwa Albert, katika Ituri, baada ya nchi yetu kukaa bila kuwaona tangu 1944. Kenya na Ethiopia ziliwapiga dawa kwa ndege. Tena, hata pasipo ndege, kijana anayebeba pompi mgongoni katika shamba la nyanya ni rubani na mshika bendera kwa wakati mmoja.

Basi, tukumbuke machache. Dawa haipiti kinywani na puani tu. Ngozi nayo huinywa, hasa nguo zikilowa. Upepo ukivuma, kazi isubiri. Asiyehusika, hasa mtoto, asikae karibu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, wala chombo kilichotiwa dawa kisigeuzwe cha maji ya kunywa. Mtu akianza kutokwa jasho na mate kupita kiasi, mboni za macho zikinywea, misuli ikitetemeka au pumzi ikimpaa, aondolewe mahali pale, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, naye anayemwosha ajikinge mikono. Apelekwe haraka hospitalini pamoja na karatasi ya maelezo ya dawa, kwa kuwa mganga atahitaji kujua ni sumu gani.

Najua kwamba mwenye njaa hukubali kazi bila kuuliza. Ndiyo sababu nawaomba muulize kwa pamoja, kama kundi, kabla ya siku ya kwanza: dawa hii inaitwaje? Glavu na viatu viko wapi? Maji ya kunawa yako wapi? Mtu mmoja akiuliza, huenda akafukuzwa. Kumi wakiuliza, mwenye shamba atalazimika kufikiri.