Vita Katika Mstari Mmoja

Wasifu wa marehemu kwetu una njia yake, na msomaji hata akisahau miwani nyumbani anaweza kuusoma kwa kichwa. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu kati ya saba. Alibatizwa, akapata kipaimara, akasoma shule fulani. Alifunga ndoa. Kisha inaanza sehemu ndefu kuliko zote, yaani maradhi: alianza kusumbuliwa na miguu, akapelekwa hospitali ya wilaya, akahamishiwa ya rufaa, sukari ikapanda, ikashuka, hadi saa aliyokata roho. Ameacha mjane, watoto wanane na wajukuu kadhaa. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Baba yangu mkubwa alipofariki kule Muleba, wasifu wake ulipita njia hiyohiyo. Mimi nilikuwa huku Ohio, nautazama msiba mubashara kwenye simu. Mahali fulani kati ya ndoa na sukari, binamu yangu alisoma kwamba marehemu alishiriki vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Akafunua ukurasa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuteka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Baba mkubwa alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, akaingia mgambo, na kutoka mgambo akajikuta Uganda. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini vita viliendelea hadi Juni, jeshi likifika mpaka wa Sudan, na sehemu kubwa ya njia hiyo watu waliikata kwa miguu. Miguu ileile iliyokuja kupewa aya nzima katika maradhi.

Huku Marekani nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wanaume wengi wa rika lile ni watu wa Vietnam. Kwa hiyo nimehudhuria maziko yao, tena si machache. Tangu mwaka 2000 sheria inataka kwamba familia ya askari aliyetumikia kwa heshima ikiomba, wafike angalau wanajeshi wawili waliovaa sare, bendera ikunjwe na kukabidhiwa kwa familia, na wimbo wa buriani upigwe kwa tarumbeta. Bendera hukunjwa mara 13 hadi ibaki pembetatu. Mwanajeshi hupiga goti mbele ya mjane na kumkabidhi kwa niaba ya Rais, hata kama marehemu alikuwa dereva wa lori tu kambini. (Wapiga tarumbeta ni wachache kuliko vifo, kwa hiyo kuna kifaa kinachotumbukizwa ndani ya tarumbeta, kijana anabonyeza, kinaimba chenyewe, naye anaiweka mdomoni kana kwamba anapuliza. Mara ya kwanza nililia kwa uchungu. Nilipoambiwa, nilicheka njia nzima.) Jiwe la kaburi pia serikali hulitoa bure, na mbali ya jina, tarehe na vita alivyopigana, familia inaruhusiwa kuongeza maneno machache. Wengi huomba yaandikwe kwamba alikuwa mume na baba mpendwa.

Lakini kinachonivutia zaidi ni tangazo la tanzia. Huandikwa na familia, na magazeti mengi hutoza kwa urefu wake, na bado watu hulipia mistari ya kusema kwamba mzee alikuwa akiunguza chapati za maji kila Jumamosi, kwamba alishabikia timu isiyoshinda tangu ujana wake, kwamba hakuwahi kukubali kuuliza njia. Watoto hawahesabiwi, hutajwa mmoja mmoja, na wenzi wao, na miji wanayoishi. Nimeona hata mbwa akitajwa miongoni mwa wafiwa. Vita vyenyewe navyo mara nyingi ni mstari mmoja tu: kikosi, nchi, miaka. Ila ukimaliza kusoma unamjua mtu. Ukimaliza wasifu wa baba mkubwa unaijua sukari yake.

Sasa usije ukadhani nimehama kambi. Hayo yote yakiisha, kanisani panakuwa na mikate yenye nyama na kahawa, na baada ya saa mbili hivi kila mtu yuko kwenye gari lake. Sehemu nyingi za kazi hutoa siku tatu za kufiwa, nyingine hazitoi kabisa. Jumatatu mjane yuko peke yake na ile pembetatu ndani ya kisanduku cha kioo. Hakuna aliyelala sebuleni kwake, hakuna anayemkorogea uji na kumlazimisha kunywa.

Kwetu, mpiga video alikunja nyaya zake mara tu mashada yalipowekwa. Simu yangu ikawa nyeusi, nami nikaamini msiba umekwisha. Kumbe usiku ule, chini ya turubai, wakafika wazee wawili kutoka upande wa Karagwe waliopigana pamoja naye, wakapewa viti karibu na moto. Binamu yangu alinisimulia baadaye, tena nusunusu, kwa sababu alikuwa akisimamia chakula.

Ambacho wasifu haukuwa nacho kilitoka hapo. Machi 1979, pale Lukaya, Uganda, barabara inapopita kwenye kinamasi, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilipigwa roketi na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikatawanyika. Brigedi ya 208 ndiyo iliyozunguka na kugeuza mambo. Baba mkubwa alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Walijificha kwenye matete, maji kifuani, usiku mzima, na yeye akiwa ameficha barua ndani ya kofia. Barua hiyo ilimkuta Masaka, ikimwambia kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike. Alipoisoma alicheka peke yake hadi wenzake wakadhani amechanganyikiwa. Mtoto mwenyewe, dada yetu, ndiye aliyekuwa akiwamiminia wazee wale chai. Alikuwa hajawahi kusikia habari ya barua ile.

Taifa lina siku yake. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mnarani huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na pale Kaboya, humohumo Muleba, wamelala walioanguka vitani. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, alipofariki Oktoba 2024 akiwa na zaidi ya miaka 100, redio zilimsimulia siku nzima. Mgambo aliyerudi kwenye migomba yake akalea watoto wanane hana mnara wala redio. Ana wale wazee wawili wa moto, na anayewasikia ni yule tu aliyebaki kulala. Sisi wa ng'ambo tunachangia turubai, tunalipia mpiga video, halafu tunapata ile sehemu ya mchana.

Nimependekeza kwenye kundi la familia kwamba tutakapojengea kaburi tuandike wasifu upya, na Lukaya iwemo. Mama mkubwa amekubali barua, amekataa kukimbia. Shangazi anasema kukimbia ndiko kulikompa watoto sita waliofuata, kwa hiyo kuandikwe kwanza. Mweka hazina ametukumbusha kwamba fundi wa marumaru anatoza kwa herufi, na ameshauri tuanze kwa kuondoa majina ya hospitali. Hapo ndipo tulipofikia, na kwa mara ya kwanza watu wote wanamwunga mkono mweka hazina.