Shilingi 7,500 za Kiti: Safari ya Kericho na Bomet

Msimu wa likizo unapowadia, familia nyingi za Pwani hupanda bara kuzuru jamaa, na kuna swali ambalo limetufikia zaidi ya mara tatu, aghalabu kutoka kwa akina mama: mtu aliyekwisha kuazimia kulipia daraja la kwanza katika treni ya Madaraka, je, yafaa aongeze fedha apande daraja lililo juu ya hilo? Tulikuwa tumejitayarisha kulijibu kwa maneno mawili matatu baada ya darsa. Kisha ikatulazimu sisi wenyewe kusafiri hadi Kericho na Bomet, nchi ya chai, na jibu likarefuka.

Kwanza hesabu. Treni hiyo ilipoanza kubeba abiria Juni 2017 ilikuwa na madaraja mawili tu. Tangu Januari 2024 nauli ya Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa la kwanza. Mwaka huohuo likaongezwa la tatu, liitwalo Premium, kwa shilingi 12,000. Wenye watoto ng'ambo walilijua swali hili zamani, kwa kuwa baadhi ya ndege za Ghuba zina daraja la biashara na juu yake la kwanza, ilhali Kenya Airways huishia kwenye la biashara. Sasa swali limeshuka kutoka angani na kutufikia Miritini.

Sisi twaona kwamba hatua hizi mbili hazifanani, ingawa zote huitwa kupanda daraja. Katika behewa la kawaida viti vimepangwa vitatu upande huu na viwili upande wa pili, na abiria hukaa wakitazamana. Mwanamke mwenye stara yake hukaa saa tano au zaidi magoti yake yakikaribiana na magoti ya mtu asiyemjua, naye hana pa kuelekeza macho ila dirishani. Katika daraja la kwanza viti ni viwili kwa viwili, na mama na binti yake wakaa pamoja bila ya mtu wa tatu. Shilingi 3,000 za hatua hiyo zanunua kitu ambacho dini na ada zetu zakithamini. Mwenye uwezo asijilaumu kwa kuzitoa, na asiye na uwezo hana dhambi wala aibu kwa kukaa na wenziwe. Lakini hatua ya pili, ya shilingi 7,500, hununua upana wa kiti na huduma zaidi kwa mtu ambaye stara ameshaipata. Kichwa cha treni ni kimoja, nacho hakimfikishi wa mbele kabla ya wa nyuma kwa kiasi kinachohesabika.

Hapo tungeweza kunyamaza, na tungekuwa tumesema kweli, lakini si yote.

Tulikuwa watu wazima sita, tukienda kwenye akika ya mjukuu wa dada yetu mkubwa, ambaye binti yake mdogo ameolewa na mwalimu wa Kikipsigis, Mwislamu, huko Bomet. Dada yetu amepita miaka sabini na magoti yake yamechoka. Mwanawe wa kiume yuko Muscat kikazi. Kijana huyo alipopata habari za safari alipiga simu usiku uleule akasema atalipa sisi sote tupande Premium. Tofauti kwa watu sita ni shilingi 45,000 kwenda tu. Mama yake akakataa. Kijana akasema, na sauti yake twaisikia hadi leo, "Mama, mimi huku twalala wanane chumba kimoja ili wewe usibanwe."

Mama yake akamjibu, "Na mimi nikijua kitanda chako kiko juu ya cha mwenzio, mwanangu, nitalalaje kwenye kiti hicho?"

Wakatugeukia sisi tuamue, kama kwamba usheikh ni ufunguo wa kila mlango. Israfu twaijua, na kubadhiri twakujua. Wanavyuoni wametufundisha kwamba mali huwa imefujwa kwa kuwekwa pasipo mahali pake, na ukubwa wa bei peke yake haupimi jambo hilo. Shilingi elfu kumi na mbili katika mguu wa mgonjwa si ufujaji, na mia mbili katika kujionyesha huenda zikawa ufujaji. Lakini hapa palikuwa na haki mbili zilizokabiliana: haki ya mama ya kupumzishwa, na haki ya mtoto ya kumtukuza mama yake kwa jasho lake. Ukiikataa zawadi yake kavu, umemvunja. Na ukiipokea yote, mama atasafiri akihesabu malazi ya mwanawe. Palikuwa pia na jambo la tatu ambalo wanaume hulisahau: mkimpandisha mzee peke yake, mmemwondoa kwenye jamaa zake, naye furaha yake ya safari ni mazungumzo.

Tukaamua hivi. Kwenda, sote tukakaa daraja la kwanza, dada yetu katikati ya watu wake, na fedha za kijana tukaziomba kwa kazi nyingine, ambayo tutaieleza. Kurudi, baada ya siku nane za baridi na barabara, miguu yake ilikuwa imevimba, nasi bila ya mjadala tukamkatia Premium yeye na binti yake mkubwa, shilingi 15,000 zaidi kwa wawili. Alilala tangu Mtito Andei hadi Mariakani, akashuka Miritini akitembea mwenyewe. Kijana alipelekewa picha ya mama yake kitini. Kwa hiyo mtu akituuliza iwapo daraja la juu lafaa, twamwuliza kwanza: lafaa kwa mguu wa nani?

Sasa ile kazi nyingine. Reli mpya haifiki Kericho. Kutoka Nairobi kuna kama kilomita 260 za barabara, na huko ndiko roho ya msafiri ilipo hatarini. Katika matatu hakuna daraja la kwanza. Kuna kiti cha mbele kando ya dereva, ambacho watu hugombania, na kuna benchi la nyuma. Wote huendeshwa na mikono ileile. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara likaingia kati ya magari na wachuuzi, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha jioni moja. Tulipita pale tukapunguza mwendo, tukawaombea. Wachuuzi wangali wakiuza viazi na karoti karibu na barabara, kwa sababu riziki yao iko kwa wanaopita.

Fedha za Muscat, basi, zilikodi gari zima, zikalipa dereva aliyekuwa amelala usiku kucha, na zikatuwezesha kulala South C kwa jamaa badala ya kuunganisha safari gizani. Tulitoka baada ya Alfajiri, tukaswali Adhuhuri na Alasiri Nakuru kwa kukusanya na kupunguza kama ilivyoruhusiwa msafiri, tukaingia Kericho mchana. Mwenye fedha za ziada na asijue aziweke wapi katika safari ya bara, na aziweke hapo kabla ya kufikiria upana wa kiti.

Karibu na Londiani hupita pia reli ya zamani, ile iliyofika Kisumu Desemba 1901, ikiteremka kupitia Kipkelion, ambayo zamani ikiitwa Lumbwa, na Fort Ternan. Reli hiyo nayo ilikuwa na madaraja, na wazee wetu wa Mombasa walijua maana yake: la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Mwafrika pamoja na mizigo yake. Wakati ule hakuna aliyekuuliza iwapo kupanda daraja kwafaa.

Kericho iko juu, zaidi ya mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, na mvua huja karibu kila alasiri kama mtu mwenye miadi. Mtu wa Pwani atakayefika bila ya sweta atajuta kabla ya Magharibi. Uzuri wake hatuwezi kuukanusha: chai imetandazwa juu ya vilima kama zulia lililokatwa sawasawa, kijani kinachokaribia manjano panapochumwa, na kijani kizito panaposubiri. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza mashamba haya makubwa katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis wangali wakiidai, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Huko Kericho Brooke Bond ilijenga pia Tea Hotel katika miaka ya 1950. Ukitazama nyumba za mameneja na bustani zake, kisha safu za vijumba vya wachumaji, waona kwamba daraja hujengwa kwa mawe pia. Mei 2023 vijana walichoma moto mashine za kuchumia, kwa sababu mashine moja huchukua kazi ya watu wengi.

Lakini lililotufunza zaidi lilikuwa kiwandani. Mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi. Yakifika kiwandani hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa, kisha hupitishwa kwenye chekeche. Hapo ndipo majina huzaliwa: punje kubwa huitwa BP1, inayofuata PF1, halafu PD, na iliyo ndogo kabisa D1. Akina mama wengi hudhani, kama tulivyosikia ikidaiwa sokoni, kwamba BP1 ni chai bora na D1 ni makombo. Sivyo. Zote nne ni za daraja la juu, zatoka jani lilelile, siku ileile, mashine ileile, na kinachozitenga ni tundu la chekeche. Iliyo chini ya hizo, yenye nyuzi na vijiti, ndiyo daraja la pili, na tofauti hiyo ulimi huijua. Zaidi ya hayo, punje ndogo hutoa rangi na nguvu upesi zaidi kuliko kubwa. Kwa hiyo mama apikaye chai ya maziwa, iliki na tangawizi, akilipa zaidi kwa ajili ya punje kubwa, huenda akapata kikombe chepesi kuliko alichokitaka. Ndugu wasomaji watatusamehe kwa kuona treni ndani ya chekeche.

Na chai hiyo hufanya safari tuliyoifanya sisi, kinyume chake. Mnada wake ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na huko ndiko chai ya Kenya na ya majirani huuzwa kwa ulimwengu. Tumeishi na mnada huo jirani yetu maisha yote bila ya kumwona mchumaji hata mmoja.

Kutoka Kericho tulishika njia ya Litein, Kapkatet na Kaplong hadi Bomet. Hapa mashamba makubwa hupungua na vishamba vya wakulima wadogo huongezeka, nusu ekari, robo ekari, majani yakipelekwa kwenye kituo na kupimwa, kisha kiwanda cha wakulima chini ya KTDA, kama Kapkoros au Tirgaga. Malipo ni ya kila mwezi kwa kilo, na bonasi mara moja kwa mwaka, ambayo ndiyo karo na ndiyo mabati.

Mkwe wa binti yetu ni mjane mwenye shamba la namna hiyo. Alitupokea kwa "Chamgei", nasi tukajibu tulivyofundishwa garini. Sebuleni mwake palikuwa na kiti kimoja tu chenye mikono, kilichofunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na mabenchi kandokando ya ukuta. Kiti hicho akampa dada yetu, yeye akakaa kigodani. Dada yetu akasimama, akataka wabadilishane. Mwenyeji akakataa. Walishindana kwa heshima muda mrefu, mmoja kwa Kiswahili cha Mombasa na mwingine kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikipsigis, hata mwishowe wote wawili wakakaa benchini, na kiti kikabaki kitupu hadi mtoto wa akika alipolazwa juu yake.

Tulipewa mursik kutoka kibuyuni, maziwa yenye ladha ya mkaa wa mti, ambayo vijana wetu waliyanywa kwa tahadhari na dada yetu akaomba tena. Kisha yeye naye akaingia jikoni na mfuko wake wa iliki na mdalasini, akapika chai ya kwetu kwa majani ambayo mwenyeji huyanunua kiwandani. Bibi huyo akaonja, akauliza hayo majani yametoka Mombasa. Akaambiwa ni yale yale ya kwake. Akacheka hata akaweka kikombe chini.

Asubuhi ya pili, kabla ukungu haujaondoka, alikuwa shambani na kikapu mgongoni. Dada yetu alisimama dirishani amejitanda mablanketi mawili, akamhesabia: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.